Barua ya Wazi kwa EWURA: Umeme wa Usiku wa Manane Uwe na Bei Yake

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA),
Dodoma.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Moa, wilayani Mkinga, mkoani Tanga, nikiomba jambo moja: anayechaji chombo cha umeme usiku wa manane asitozwe sawa na anayechaji saa moja jioni. Kwenye LUKU zetu uniti ni uniti, iwe imetumika wakati taa, televisheni na pasi za nchi nzima zimewaka, au wakati watu wamelala. Kwa TANESCO saa hizo hazilingani hata kidogo. Mitambo na nyaya hujengwa kwa kiasi cha kubeba mzigo wa jioni. Usiku sehemu kubwa ya uwezo huo haina kazi, na gharama ya kuijenga iko pale pale. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, uliwashwa Februari 2024. Machi mwaka huo huo TANESCO ilizima vituo vitano vya umeme wa maji kwa sababu uzalishaji ulizidi mahitaji. Umeme huo uliokosa mnunuzi ndio ninaouombea bei.

Magari ya umeme huku bado ni machache, kwa hiyo hesabu yangu ni ya bodaboda. Chukulia betri inayokula uniti 3 kwa siku, na dereva anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi: jumla ni uniti 78. Ukomo wa wateja wadogo wa kundi la D1 ni uniti 75. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, uniti iliyo ndani ya ukomo ni shilingi 100 kabla ya kodi, na inayozidi ni shilingi 350. Kijana anayeachana na petroli, basi, anaivusha familia yake ukomo huo kwa betri peke yake, kabla hata taa moja haijawashwa nyumbani. Anayesema bei ya usiku ni zawadi kwa matajiri wenye magari aitazame hesabu hii. Na ng'ambo ya Horohoro, Kenya iliweka bei ya vyombo vya umeme tangu Aprili 2023: shilingi 16 za huko kwa uniti, na 8 tu usiku, kuanzia saa nne.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye nyaya zenyewe. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba umeme unaosafirishwa hadi mikoa ya kaskazini hupotea njiani, hasara yake ikifikia shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Mtu atauliza: kwa nini tuongeze matumizi Tanga? Lakini upotevu haukui sawa na mzigo. Umeme unaopita kwenye waya ukiongezeka mara mbili, unaopotea huongezeka mara nne. Betri ile ile ikichajiwa saa nane usiku hupoteza kidogo kuliko ikichajiwa saa mbili usiku, na bila bei tofauti dereva ataichomeka mara tu anapofika nyumbani, yaani saa mbaya kuliko zote. Nani atamlaumu?

Kuhusu mapato, uniti inayouzwa usiku kwa bei nafuu haiiondoi ile ya bei kamili. Inachukua nafasi ya petroli iliyoagizwa kwa dola. Mita ndiyo kikwazo cha kweli, kwa kuwa LUKU tulizo nazo hazikuwekewa bei ya saa. Hakuna haja ya kuzibadilisha zote. Anayetaka bei ya usiku awekewe mita ya pili kwa ajili ya kuchajia, tukianza na vituo vya kuchaji na vikundi vya bodaboda. Wenye viwanda vidogo vya barafu ya samaki nao waruhusiwe, kwani barafu inaweza kugandishwa usiku ikasubiri mashua.

Bei haibadilishwi bila wadau kusikilizwa. Naomba EWURA iitake TANESCO ilete pendekezo la bei ya usiku kwa wateja wa D1 na wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida, na mkutano mmoja wa kukusanya maoni ufanyike hapa Mkinga, waendesha bodaboda na wavuvi wakiwemo.