Kipi Kimeshinda?

Likizo iliyopita mjomba wangu aliniuliza ninasoma nini hasa huko chuoni. Nikamwambia ni fasihi linganishi: tunachukua kitabu hiki na kitabu kile, tunavilinganisha. Akatafuna muhogo wake taratibu, akafikiri, kisha akauliza, "Enhe, mjomba, na kipi kimeshinda?"

Baraza zima likacheka, nami nikacheka nao. Lakini swali lile limenikera mpaka leo, kwa sababu mzee ambaye hajawahi kukanyaga darasa la fasihi alikuwa ametaja kwa maneno mawili kile tunachokifanya kwenye insha zetu, tena tunachopewa alama kwa kukifanya.

Insha hizo nazijua. Nimeziandika, na mwaka huu nimesaidia kusahihisha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Zina umbo moja. Fasili ya fasihi linganishi kutoka kwa mtaalamu fulani, maisha ya mwandishi wa kwanza, maisha ya wa pili, muhtasari, muhtasari. Kisha kufanana: vyote vina wahusika, vyote vinasema juu ya uongozi mbaya, vyote vimetumia taswira. Kisha kutofautiana: hiki ni cha Kiingereza, kile cha Kiswahili. Hitimisho: vitabu hivi vinafanana kwa kiasi na vinatofautiana kwa kiasi. Kwa njia hiyo mtu anaweza kulinganisha kikombe na sahani, na akafaulu. Umbo hili tunalirithi kwenye madesa, mwaka hadi mwaka, na steshenari za nje ya geti zinaishi kwa kulitoa nakala.

Nasema wazi: insha ya safu mbili si insha ya fasihi linganishi. Ni orodha. Tena ni orodha inayotudhuru, na mimi ni shahidi.

Nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza niliwasilisha kwenye semina insha juu ya Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka 1951, na Gulliver's Travels cha Jonathan Swift, cha 1726. Nilikuwa na pointi moja niliyojivunia: nchi ya Kusadikika inaning'inia angani, na Swift naye ana kisiwa kinachoelea, Laputa. Mhadhiri akaniuliza, "Kwa hiyo Shaaban alikopa kwa Swift?" Nikajibu ndiyo. Sikuwa na ushahidi. Nilijua tu kwamba Swift alitangulia, na kwamba tafsiri ya Kiswahili ya kitabu chake ilikuwapo kabla ya 1951. Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali, nami nikapata alama nzuri. Mwandishi wa Tanga, aliyenipa raha ya kusoma kabla sijamsikia Swift, nilimfanya mdeni kwa neno moja.

Hebu angalia kwenye insha zetu ni kitabu gani hukaa safu ya kushoto. Karibu kila mara ni cha Ulaya. Kile cha kushoto ndicho rula, kile cha kulia ndicho kinachopimwa. Mjomba aliuliza kipi kimeshinda, na safu zetu zimeshamjibu.

Baadaye nilivisoma vitabu vile upya, safari hii bila kuchora mstari katikati ya karatasi. Kwa Swift, mfalme yuko juu na raia wake wako chini. Mji ukiasi, anakisimamisha kisiwa juu yake na kuuzuilia jua na mvua. Ikibidi, anaupiga mawe. Kuelea ni silaha. Kusadikika hakuna wa kukandamizwa kutoka juu namna hiyo. Mtawala na mtawaliwa wote wako angani, na dhuluma iko humohumo, mbele ya mfalme, ambako waziri Majivuno anamshitaki Karama kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Pointi niliyojivunia ilikuwa kufanana kwa picha tu.

Kitu kinachovigusanisha kweli sikukiandika kwenye safu yoyote: vyote viwili ni vitabu vya watu wanaosafiri na kurudi. Katika utetezi wake Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, pamoja na mbinguni na ardhini. Wanarudi na maarifa, wanaishia kifungoni. Gulliver naye anarudi Uingereza kutoka nchi ya farasi wenye akili, hawezi kuvumilia harufu ya mke wake, anakwenda kuzungumza na farasi zizini. Hapo ndipo penye hoja. Gulliver anaikataa nyumba yake, na wajumbe wa Kusadikika wanakataliwa na nyumba yao. Swift anauliza maarifa ya ugenini yanamfanya nini msafiri. Shaaban Robert anauliza nchi inamfanya nini msafiri aliyerudi na maarifa.

Hoja hiyo inaweza kupingwa, na ndiyo sifa yake. Atakayeniambia kwamba hata Lilliput walimhukumu Gulliver kutobolewa macho atanilazimisha kueleza kwa nini hukumu ya ugenini si sawa na hukumu ya nyumbani, na insha itazidi kunenepa. Nani atapinga kwamba "vitabu vyote vina wahusika"?

Kwa hiyo, mwanafunzi mwenzangu, kabla hujaandika, tafuta swali ambalo kitabu kimoja peke yake hakiwezi kulijibu. Ukikosa swali, badilisha vitabu. Vikutanishe katika aya moja, visemezane. Kila ukiona tofauti, uliza inatokana na nini na inabadilisha nini. Na usiseme huyu kamkopa yule mpaka uwe na ushahidi mkononi. Kutangulia kuzaliwa si ushahidi.

Najua majibu ya walimu wetu. Darasa lina wanafunzi mamia, safu mbili husahihishwa upesi, na anayeanza anahitaji pa kuanzia. Nakubali. Safu ziwepo, lakini zibaki kwenye daftari la rasimu, kama maganda ya muhogo yanavyobaki jikoni. Kinachonikasirisha ni kuyapakua mezani na kuyapa alama. Mwanafunzi aliyepewa alama nzuri kwa orodha hana sababu ya kutafuta hoja, na kesho yeye ndiye mwalimu.

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani. Pale pale barazani nikamsimulia mjomba habari za wale wasafiri, aliyekimbilia zizini na waliotiwa kifungoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama wale sita walifunguliwa. Nikamwambia asome mwenyewe. Akasema basi nimletee kitabu.