Kile Askari Anachorudi Nacho Nyumbani

Mwezi huu nilikuwa nimetayarisha kuwaandikia juu ya mahari, kama wengi mlivyoniomba. Mahari itangoja. Kuna mama mmoja wa kanisa letu aliyenijia siku ya Jumanne jioni na mambo mawili kwa mara moja, na yote mawili yanahusu watoto wake wa kiume.

La kwanza: kijana wake mdogo amejiandikisha jeshini, karibu aende mafunzoni, naye amekataa katakata kuchanjwa. La pili: mkubwa wake, ambaye ni askari tangu miaka sita, alikuja likizo kutoka Katanga akaleta jiwe. Akaliweka chini ya kitanda wanapolala wadogo zake. Ni jiwe jeusi lenye alama za njano, zito kupita ukubwa wake. Alimwambia mama asilisogeze wala asimwambie mtu, kwa sababu ni mali, na kuna mtu ng'ambo ya mpaka atakayelinunua kwa dola nyingi.

"Pasta," mama akasema, "huyu mmoja anaogopa sindano, huyu mwingine haogopi kitu. Mimi sijui nani ndiye wa kuogopewa."

Nikaenda kwake kesho yake. Nilianza na yule mdogo, maana ndiye aliyekuwa tayari kusema.

"Pasta, wanasema kama ile sindano inamaliza uzazi. Na tena wanawapiga askari kwanza ili wajaribu, kwa sababu askari hawezi kukataa."

Sikumcheka. Vijana wangu, msidhani hofu hiyo imetoka hewani tu. Mwaka 1942, wakati wa vita vya pili vya dunia, jeshi la Marekani liliwachanja askari wake kwa wingi dhidi ya homa ya manjano. Ili chanjo isiharibike, watengenezaji walikuwa wameichanganya na maji ya damu ya watu. Kumbe kati ya watu wale waliotoa damu wamo waliokuwa na ugonjwa wa ini, ile hepatiti B. Askari wapatao 50,000 waliugua hata kulazwa. Ndiyo, hilo lilitokea, na anayewaambia kwamba chanjo haijawahi kukosea anawadanganya. Lakini fuateni habari hadi mwisho wake: kosa lilitafutwa, likajulikana, na maji ya damu yakaondolewa katika chanjo hiyo mwaka uleule. Chanjo yenyewe haikuwa na ubaya. Daktari Max Theiler aliyeigundua alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1951, na ndiyo hiyo tunayopigwa mpaka leo.

Juu ya uzazi, nilimjibu hivi. Hakuna chanjo ya askari inayomaliza uzazi wa mwanamume. Ugonjwa ndio unaoweza. Matubwitubwi, ule wa kuvimba mashavu, ukimshika kijana aliyekwisha kubalehe unaweza kushuka mpaka kwenye mapumbu na kuyadhuru. Na dhidi ya matubwitubwi kuna chanjo. Basi aliyemwambia habari ile ameigeuza juu chini.

Kisha nikamweleza mambo ya vidonda. Askari anaanguka, anachomwa na mti, anapata jeraha lenye udongo ndani, na udongo ndiyo nyumba ya tetanosi. Zamani tetanosi iliua majeruhi wengi kwa kukaza taya na mgongo. Katika vita vile vile vya pili, jeshi la Marekani lililochanja askari wake wote lilipokea hospitalini majeraha zaidi ya milioni 2 na nusu, na waliopata tetanosi walikuwa 12. Kijana akaniuliza mara mbili: "Kumi na mbili elfu?" Hapana, kumi na wawili, kama mitume.

Na Waingereza walijifunza kwa uchungu. Vita vyao na Makaburu huko Afrika Kusini, kuanzia 1899 hadi 1902, viliwaua askari wengi zaidi kwa magonjwa kuliko kwa risasi, na tifoide ndiyo iliyoongoza. Chanjo ya tifoide ilikuwapo tayari, lakini ilikuwa ya hiari, na wengi walikataa. Ilipofika vita vya 1914, karibu wote walichanjwa, na tifoide haikuwa tena mfalme wa kambi.

Nikamwambia pia mambo ambayo ni haki yake kuuliza. Bomba na sindano vifunguliwe mbele ya macho yake, vipya, na visirudiwe kwa mwenzake. Amwambie muuguzi kama mayai humletea shida kubwa mwilini, au kama anajua ana ugonjwa unaopunguza nguvu za mwili za kujikinga, maana chanjo ya homa ya manjano ni ya kirusi kilicho hai kilichodhoofishwa, haifai kwa kila mtu. Apigwe siku 10 au zaidi mbele ya safari. Na ile kadi ya njano aitunze. Tangu Julai 2016 sheria ya dunia ni kwamba chanjo hiyo moja yatosha maisha yote. Akimkuta mtu mpakani anamwambia kadi yake ya miaka 12 "imeoza" na atoe kitu kidogo, ajue kadi haijaoza.

Hapo mama akaingia katikati: "Lakini Pasta, hayo ni ya jeshi. Sisi huku nyumbani yatuhusu nini?"

Yanatuhusu sana, mama. Mwezi wa kumi mwaka 2010 kolera iliingia Haiti, kisiwani mbali kule Amerika, ambako madaktari hawakuwa wameiona kwa vizazi. Ilianzia karibu na kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa waliotoka Nepal. Uchafu wa vyoo vya kambi uliingia mtoni, na watu wa chini ya mto walikunywa. Walikufa karibu 10,000. Desemba 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliwaomba watu wa Haiti radhi. Askari wale hawakuenda kuua mtu. Walienda kulinda amani. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, ilikwisha kuagiza askari awe na kitu cha kuchimbia, aende nje ya kambi, afukie. Mimi nilisoma sura ile katika shule ya Biblia nikaipita haraka, nikiona haya kuihubiri. Sasa naihubiri.

Watu wa Uvira hawahitaji kufundishwa juu ya kolera. Mnakumbuka mwaka 2020, watu walipopewa ile chanjo ya kunywa mjini. Waliofuata habari zake baadaye waliona kwamba hata aliyekunywa mara moja tu alipunguza hatari yake karibu nusu, kwa zaidi ya mwaka. Nusu si yote. Maji safi na choo bado vinadaiwa. Nanyi ndugu wa machimbo ya Kamituga mnakumbuka mpox iliyozuka kwenu tangu 2023. Ilitembea na watu wanaotembea: wachimbaji, wachuuzi, wanawake wa vilabu, madereva, askari. Ugonjwa hauangalii nguo ya mtu. Chanjo yake ilianza kutolewa Goma Oktoba 2024.

Basi yule mdogo akanyamaza, akasema atafikiri. Sikumkaza.

Tukafika kwenye jiwe. Mkubwa alikuwa amekaa nje anapiga simu, hakufurahi kuniona. Nikamwomba tukae pamoja, nikamwambia sikuja kumshitaki.

"Ni uranium, Pasta," akasema polepole. "Ile ya Shinkolobwe."

Ninyi mnaokaa upande wa Likasi mnalijua jina hilo kuliko mimi. Kutoka kilima kile Union Minière ilichimba madini yaliyotoa sehemu kubwa ya uranium ya bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Mgodi ulifungwa mbele ya uhuru wa 1960, lakini watu wakarudi kuchimba kobalti kwa mikono. Januari 2004 Rais aliamuru pafungwe kabisa. Julai mwaka huohuo shimo likaanguka likaua watu. Pale ndipo askari wetu wengine wamesimama kulinda, na sijui wangapi kati yao walielezwa wanalinda nini.

Kama lile jiwe ni uranium kweli, mimi sina kipimo. Laweza kuwa kobalti tu yenye rangi. Lakini nilimwambia, lisipokuwa uranium halina bei, na likiwa uranium haliwezi kukaa chini ya kitanda cha watoto. Kwa njia zote mbili limeshindwa.

Halafu nikamsimulia habari ya askari wenzake. Mwaka 1997, katika kambi ya mafunzo ya Lilo, nchi ya Georgia iliyokuwa zamani ndani ya Muungano wa Kisovieti, askari 11 walitoka vidonda vya ajabu vya ngozi visivyopona. Mwishowe wakapima kambi. Wakakuta vyuma vidogo vyenye mionzi ya sesiamu, vilivyoachwa na jeshi lililotangulia. Kimoja kilikuwa ndani ya mfuko wa koti la baridi, na koti lile walikuwa wakilivaa kwa zamu. Hakuna aliyepigwa risasi. Walivaa koti tu.

Akatazama chini. "Jiwe langu linaweza kufanya hivyo?"

Hapana, na nilimwambia hapana, maana kutisha watu kwa uongo si kazi yangu. Jiwe la mgodi ni dhaifu mara nyingi sana kuliko vyuma vile. Kulishika dakika tano hakuui mtu. Ubaya wake ni wa polepole: vumbi lake likiingia kifuani au mdomoni, na hewa ya radoni inayotoka ndani yake katika chumba kisicho na dirisha, na watoto kulala juu yake kila usiku, miezi na miaka. Mionzi inahesabu mambo matatu: umekaa muda gani, uko mbali kiasi gani, na kati yenu kuna nini. Ukitoka mita 1 ukaenda mita 2, inabaki robo. Ukienda mita 3, moja ya tisa. Ndiyo maana mpiga picha za kifua hospitalini anakuacha peke yako akajificha nyuma ya ukuta wenye risasi. Wewe unapigwa mara moja, yeye yuko pale kila siku. Sheria inampa mfanyakazi wa mionzi kipimo cha 20 kwa mwaka, na mtu wa kawaida 1 tu. Askari anayelinda mgodi wa namna ile yuko upande gani wa hesabu hiyo? Angepaswa kuvaa kile kipimo kidogo cha kifuani, na kubadilishwa kwa zamu. Hilo ni swali la kuwauliza wakubwa wake, na mwenyewe alikiri hajawahi kukiona kipimo hicho.

Hatukulivunja wala kulipasua kuona ndani. Tulilifunga katika plastiki mbili, tukalitia katika kopo la bati lenye kifuniko, akalibeba mwenyewe mpaka ghala tupu la matofali lililo mbali na nyumba, tukafunga kufuli. Tukanawa kwa sabuni. Kesho yake tulikwenda kwa daktari mkuu wa zoni ya afya, naye akaandika barua, kwa sababu nchi yetu iko na kamati yake ya kujikinga na mionzi tangu 2002, na kazi hii ni yake. Mnunuzi wa ng'ambo alipiga simu mara mbili zaidi, kijana hakupokea.

Mdogo wake alichanjwa Ijumaa. Alinionyesha mkono akilalamika unauma.

Mama bado alikuwa na swali moja. Blanketi la watoto, lililokuwa likigusa lile jiwe, alikuwa amelitoa nje akitaka kulichoma moto. Nikamwambia asilichome. Blanketi halijageuka kuwa jiwe. Likiwa na kitu ni vumbi tu. Apanguse sakafu kwa kitambaa kibichi, asifagie kwa ufagio mkavu, na blanketi alifue kwa maji mengi na sabuni. Nilipopita jioni lilikuwa limeanikwa kwenye kamba.