MIFUGO YETU: Kuku akikohoa, tusikimbilie kapsuli ya mtoto



Mwezi huu tunaongelea pumzi ya kuku. Kuku anakoroma usiku, anapiga chafya, anahema mdomo wazi. Wengi wetu tukiona hivyo tunafungua kapsuli iliyotoka zahanati na kumwaga unga wake kwenye maji ya kuku. Jamani, tuache! Dawa ile imehesabiwa kwa ajili ya mtoto. Dozi ikipungua, ugonjwa wake unaweza kurudi, na kuku naye mara nyingi anakufa vilevile.

Tuangalie kwanza anaumwa nini.

1. Mdondo (wengine wanauita kideri). Kuku anahema kwa shida, anaharisha kijani, mabawa yanaanguka, shingo inapinda. Ndani ya siku chache banda zima linaisha. Ugonjwa huu unaletwa na virusi na hauna dawa ya kuutibu, hata tukinunua ya bei gani. Kinga ni chanjo tu. Ile inayoitwa I-2 inavumilia joto kuliko chanjo nyingine: tone moja kwenye jicho moja, kifaranga na jogoo sawasawa, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Tunachanja kuku wazima kabla ugonjwa haujafika, sio wakishaanza kufa. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi na kikishafunguliwa hakikai, kwa hiyo majirani tuchangishane tuchanje siku moja. Wewe ukichanja na jirani asichanje, ugonjwa unabaki hapohapo mtaani.

2. Mafua ya kuku. Uso unavimba, macho yanafunga, kamasi inanuka vibaya. Huu unaletwa na bakteria, na una dawa ya kuku, ya kuweka kwenye maji. Tumwone kwanza bwana mifugo atuambie ipi na siku ngapi. Mayai na nyama visiliwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe.

3. Hewa mbaya. Inama ndani ya banda, pua iwe usawa wa kuku. Macho yakikuwasha, basi na yeye yanamuwasha, na mapafu yake yanaumia. Mbolea iliyoloa ndiyo inatoa hewa ile. Tuondoe, tuweke maranda makavu au majani makavu, na turubai tusilizibe mpaka chini. Tuache nafasi juu hewa ipite.

Tunajua wengi tunalala na kuku ndani kwa kuogopa wezi. Lakini vumbi na hewa ile vinawaingia watoto pia. Banda dogo lililoegemea ukuta wa nyumba, mlango wake karibu na dirisha, linasaidia.

Kuku anayeumwa atengwe siku hiyohiyo. Kuku mgeni kutoka sokoni akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa. Aliyekufa azikwe shimo refu au achomwe. Asiuzwe, asitupwe, wala asiliwe. Tunawe mikono kwa sabuni. Wakifa wengi kwa ghafla, tumwambie bwana mifugo haraka, maana mafua ya ndege nayo yanafanana na mdondo, na yale yanaweza kumshika hata mtu.

Mama mwenye kuku watano ana mayai ya watoto na akiba ya daftari. Tuwalinde.

Tukutane mwezi ujao.