Android au iPhone? Tuulize kwanza simu itaishi miaka mingapi

Mjadala huu hauishi. Barazani Majengo, kwenye feri ya Likoni, ndani ya matatu za Mtwapa, vijana wanavutana: Android au iPhone? Wa iPhone anasifu kamera na heshima, wa Android anasifu bei na uhuru. Nimeusikiliza kwa miaka sasa, na naona wanaoguswa zaidi hawaulizwi: mama wa mahamri anayelipwa kwa M-Pesa, mvuvi wa Shimoni anayetafuta habari za upepo kabla ya kutoka, dereva wa tuktuk anayepigiwa na wateja wake. Kwao simu ni duka, pochi na afisi. Ikizimika, siku hiyo mapato yanakatika.

Tuanze na msingi. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoamrisha simu nzima. Ndio unaowasha kamera, unaolinda nywila na unaoamua programu gani iingie na ipi ikataliwe. iPhone ilitoka mwaka 2007, na mfumo wake, iOS, uko mikononi mwa Apple peke yake. Android ilinunuliwa na Google mwaka 2005, simu yake ya kwanza ikauzwa 2008, na leo inatumiwa na Samsung, Tecno, Infinix, Xiaomi na wengine wengi. Ndiyo sababu bei za Android zinatofautiana sana. Oktoba 2023, Rais William Ruto alipozindua kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, Neon Smarta iliwekewa bei ya shilingi 7,499. Kwa pesa hizo hupati iPhone mpya, hata uombe vipi.

Lakini bei ya dukani ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni umri wa mfumo wenyewe.

Wengi wetu tumeshika simu za mifumo ambayo leo imekufa. Symbian ya Nokia ilitawala mitaa yetu, ikaisha. Mfumo wa zamani wa BlackBerry ulizimiwa huduma zake tarehe 4 Januari 2022. Simu za Windows zilipoteza WhatsApp mwisho wa 2019. Mfano wa karibu zaidi ni KaiOS, mfumo wa zile simu za vibonye zenye intaneti, ambazo wazee wengi walizipenda kwa sababu betri inadumu na vibonye wanavizoea haraka. Mwaka 2024 WhatsApp haikupakuliwa tena kwenye simu hizo, na mwanzoni mwa 2025 hata waliokuwa nayo wakaachwa. Kioo kilikuwa kizima na betri nzima. Kilichoondoka ni ile programu iliyomfanya mzee aipende simu, kwa sababu ndiyo iliyomwonyesha wajukuu walioko Gulf.

Wapenzi wa iPhone nao wasicheke mapema. Hapa Mombasa iPhone nyingi zinazouzwa ni za mtumba, na nyingine hupitia Dubai. Apple husasisha simu zake kwa miaka mingi, hilo ni kweli. Ila miaka hiyo huanza kuhesabiwa simu ilipotoka kiwandani, haingoji siku wewe ulipoinunua. Tangu Mei 2025 WhatsApp inataka iOS 15.1 kwenda juu, kwa hivyo iPhone 5s na iPhone 6 ziko nje. Mfumo wa iOS 26, uliotoka Septemba 2025, unaanzia iPhone 11. XR na XS za 2018 hazikupata. Kijana anayejibana miezi kadhaa kununua XR kwa sababu inang'aa anapaswa kujua kwamba ananunua simu ambayo mtengenezaji ameshaanza kuiaga.

Kuna na suala la kufuli. iPhone ambayo mwenyewe wa kwanza hakuondoa akaunti yake ya Apple itamkataa mnunuzi siku itakapofutwa na kuanzishwa upya. Android nayo ina ulinzi kama huo kwa akaunti ya Google. Ulinzi huu unawakomesha wezi, na mimi nauunga mkono. Lakini anayenunua simu barabarani bila kuhakikisha akaunti imeondolewa huenda akabaki na kipande cha kioo.

Upande wa Android, tatizo ni jingine. Google hutoa mfumo mpya kila mwaka, lakini kila kampuni huamua simu zake zipi zitaupata. Simu za bei ya juu zimeboreka: Samsung iliahidi miaka saba ya masasisho kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024, na miaka sita kwa Galaxy A16, ambayo ni ya bei ya chini zaidi. Simu nyingi za bei ya chini kabisa hazina ahadi kama hiyo. Bila masasisho ya usalama, mianya inayogunduliwa haizibwi, na ndani ya simu hiyo hiyo ndimo zilimo pesa za chama na picha za kitambulisho.

Halafu kuna mkopo. Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo, mteja akilipa shilingi 20 kwa siku. Leo mipango ya aina hiyo ni mingi, na imewafikisha wengi kwenye simu janja ya kwanza. Wanaouza kwa njia hii huweka kufuli ndani ya mfumo wenyewe: usipolipa, simu inafungwa, na kubadilisha laini hakusaidii. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Mwendesha boda akiugua wiki moja, simu inafungwa, na simu ndiyo inayomletea wateja wa kulipia deni. Sipingi mkopo. Nataka mkataba uandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, ueleze bei ya mwisho baada ya malipo yote, na utoe siku za kupumua kabla ya kufuli kuanguka.

Basi nichague upande. Kwa wengi wa Pwani nasema Android, kwa sababu tatu. Ina bei za kila mfuko, ina menyu za Kiswahili kwa mzazi asiyesoma Kizungu, na ikiharibika mafundi na vipuri vyake havikosekani kuanzia Ukunda hadi Malindi. Ila usinunue Android kwa sababu tu ni rahisi. Muulize muuzaji: simu hii ilitoka mwaka gani, ina toleo gani la Android, na itasasishwa hadi lini? Kama hajui, nenda duka la pili. Bonyeza *#06# uone kama namba inayotokea inalingana na ya kwenye boksi. Kwa anayekula kwa kamera, mpiga picha za harusi au anayewarekodia watalii Diani, iPhone ina hoja, mradi iwe ya miaka ya karibuni na akaunti yake iwe safi.

Na kabambe yako usiitupe. M-Pesa ya *334# inafanya kazi kwenye simu yoyote, haijali Android wala iOS, na chaji yake inadumu siku kadhaa.

Hapo ndipo ninapowageukia wenye afisi. Kila mwaka huduma zaidi za serikali, kaunti, shule na hospitali zinahamia mtandaoni, na anayepanga huduma hizo aghalabu ana simu mpya mfukoni. Mwananchi wa Ganze au Lungalunga hakuchagua mfumo wake, aliletewa na bei. Kila huduma ya umma inayowekwa kwenye programu ibaki pia na namba ya kubonyeza kwenye simu ya kawaida, au dirisha lenye mtu nyuma yake. Mifumo itakuja na kufa kama Symbian na KaiOS. Haki ya mtu kulipia ada ya mtoto wake au kuandikishwa hospitalini haifai kufa pamoja nayo.