Si kila maumivu ya huko ni bawasiri
Katika makala yenu ya bawasiri mngesisitiza hili: mpasuko wa njia ya haja kubwa si bawasiri. Msuli wa njia hiyo hukaza, damu haifiki vizuri, kidonda hakifungi. Utafiti wa Nottingham, Uingereza, wa mwaka 1997 ulilenga msuli huohuo. Baada ya wiki 8 za kupaka marhamu ya nitrogliserini, asilimia 68 ya wagonjwa walipona. Waliopaka marhamu isiyo na dawa, asilimia 8 tu. Wengi waliumwa kichwa, kweli, na tafiti za baadaye zilionyesha faida ndogo zaidi. Mimi niliteseka miezi mingi kwa aibu, nikiogopa hata kula. Daktari alianza na maji mengi, mboga na kukalia maji ya vuguvugu. Tafadhali, yaandikeni na hayo.