Neno la Mhariri: Mtume, Mtumwa, Mtumishi

Aingiaye katika Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, huonyeshwa karibu na madhabahu duara la marumaru sakafuni, mahali ambapo, kwa mapokezi ya wenyeji, palisimama mti waliofungiwa watumwa na kuchapwa kabla ya kunadiwa. Kwani hapo ndipo lilipokuwa soko lao hata mwaka 1873, Sayyid Barghash alipotia sahihi mkataba wa kulifunga. Edward Steere, askofu aliyesimamia ujenzi wa kanisa hilo, ndiye pia aliyetunga sarufi ya Kiswahili na kuyafasiri Maandiko, naye akazikwa humo mwaka 1882. Tumeona vema kuanzia hapo, kwa sababu mada ya toleo hili, uongozi ulio utumishi, haina haja ya kuazima ufafanuzi ugenini ilhali lugha yetu imeuhifadhi.

Tazama maneno yenyewe. Mtume, mtumwa na mtumishi wote wamezaliwa na kitenzi kimoja, kutuma. Katika Kiyunani cha Injili, neno la mtume na neno la mtumwa hayana nasaba. Lakini Bwana, alipokwisha kuwatawadha miguu wanafunzi wake, aliyataja yote mawili katika usemi mmoja, akiwafahamisha kwamba mtumwa hampiti bwana wake wala mtume hampiti aliyemtuma. Wafasiri walipofikia sura hiyo ya 13 ya Yohana, walikuta Kiswahili kimekwisha kuwafanya hao wawili ndugu wa tumbo moja.

Ni ajabu, basi, kwamba siku hizi jina la mtumishi limegeuka kilemba. Husemwa, "Mtumishi amefika," na papo hapo mmoja humpokea mkoba, wa pili Biblia, wa tatu hufuta kiti kilichokwisha kufutwa. Nilihudhuria Alhamisi Kuu moja ambapo wazee kumi na wawili walioteuliwa kuoshwa miguu walikuja wamekwisha kuisugua nyumbani kwao, wakaipaka mafuta na kuivika soksi mpya, hata maji yakatoka beseni safi kama yalivyoingia. Hakuna aliyekusudia hila, wala simlaumu kasisi. Ila mlinzi wa lango, mwenye miguu iliyojaa vumbi la zamu ya usiku kucha, alikuwa nje akichunga viatu vya wazee hao.

Huenda msomaji akauliza: je, si aibu kuwahimiza watu ambao mababu zao walinadiwa Mkunazini wajiite tena watumwa? Swali hilo lina haki yake, na jawabu lake limo katika sura ile ile, inayotueleza kwamba Yesu aliinuka na kujifunga kitambaa akijua ya kuwa Baba amemkabidhi vitu vyote mikononi. Mtumwa wa sokoni hakuchagua, Bwana alichagua. Amri hii, kwa hiyo, humshukia kwanza mwenye mamlaka; kumkariria mfagizi fadhila za unyenyekevu, huku askofu akisamehewa, ni dhuluma iliyovikwa joho.

Kwa mfano, Frank Weston, Askofu wa Zanzibar tangu 1908, alikiongoza kikosi cha wapagazi katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mwaka 1916, akaenda nao kwa miguu. Vita hiyo haikuwa ya wapagazi, na makumi ya maelfu ya wabeba mizigo waliangamia ndani yake. Kutembea kwa askofu hakufuti dhima ya waliowaingiza humo. Lakini mwaka 1920 alitoa kijitabu kupinga kazi za shuruti nchini Kenya, akiikabili serikali ya taifa lake mwenyewe. Hapo utumishi ulimgharimu mkubwa kwa ajili ya mdogo, na hiyo ndiyo mizani yake.

Mizani hiyo haihitaji safari ya mbali. Daftari la sadaka na likunjuliwe mbele ya waliotoa. Katekista anayezunguka vigango kwa baiskeli apewe posho yake kabla gari la mkuu wake halijatiwa mafuta. Na mwenye cheo, muda wake utimiapo, aondoke bila kusukumwa. Makala za toleo hili zisomwe kwa nia hiyo. Na Alhamisi Kuu ijayo, kabla beseni halijajazwa maji, mtu na atumwe langoni akamwite mlinzi.