Kijiji si Hazina ya Taifa: barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali

Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali,

Nakuandikia kuhusu namna raia anavyoweza kuishtaki halmashauri ya kijiji chake, jambo linaloonekana dogo likisomwa ofisini lakini linalowaumiza watu wengi huko mashambani. Tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2020 ilipoigusa Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, mkulima anayelalamika kwamba halmashauri ya kijiji imempa mtu mwingine ekari mbili za shamba lake anapitishwa mlango uleule anaopitia mkandarasi anayeidai wizara mabilioni. Atoe notisi ya siku 90. Nakala aipeleke kwako na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Siku zikitimia, akuunganishe wewe kama mdaiwa wa lazima, na shauri alifungue Mahakama Kuu. Asipokuunganisha, kifungu cha 6 kinasema mwenendo wote wa shauri ni batili. Ninaomba upeleke bungeni muswada utakaoziondoa halmashauri za vijiji katika utaratibu huo, kwa sababu unakwenda kinyume na lengo lenyewe la kuwapo kwa serikali za mitaa, na kwa sababu kile unachokusudia kukilinda tayari kina ulinzi mwingine.

Tuanze na misingi, maana hata sisi mawakili huipita haraka mno. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Haikuandikwa hivyo kwa bahati. Nchi ilikuwa imezifuta mamlaka hizo mwaka 1972, ikaonja miaka ya kuendesha wilaya na miji kupitia watumishi waliowajibika juu badala ya kuwajibika chini, kisha ikazirudisha kwa sheria za 1982 na kuziwekea kinga ya Katiba kwa marekebisho ya 1984. Katika mpango huo kijiji kilipewa hadhi ya pekee. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, kijiji kikishaandikishwa, halmashauri yake inakuwa mtu wa kisheria, yenye uwezo wa kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Kitongoji hakina hadhi hiyo. Mtaa nao hauna, ndiyo maana mwenye malalamiko juu ya ofisi ya mtaa huishtaki halmashauri ya mji, manispaa au jiji lenye mtaa huo. Wakili anayemshtaki mwenyekiti wa kijiji kwa cheo chake badala ya halmashauri ya kijiji iliyoandikishwa amekosea tangu ukurasa wa kwanza wa hati ya madai, na kosa hilo huonekana mahakamani mara nyingi kuliko inavyostahili.

Hadhi hiyo haikuwa pambo. Halmashauri ya kijiji ni watu kati ya 15 na 25 waliochaguliwa na majirani zao, na juu yao upo mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 8, imekwenda mbali zaidi: inaitaka halmashauri isimamie ardhi ya kijiji kama mdhamini anayetunza mali kwa niaba ya wanufaika, na inaikataza kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Ukisoma kifungu hicho vizuri utaona kwamba mwanakijiji anayeishtaki halmashauri yake kwa kugawa shamba hamshtaki mtawala wa mbali. Ni mnufaika anayemtaka mdhamini wake atoe hesabu. Katika tawi lolote jingine la sheria za udhamini, hatujawahi kumwambia mnufaika kwamba kabla ya kumuuliza mdhamini wake lazima asubiri miezi mitatu na amwite Mwanasheria Mkuu wa nchi nzima. Kifungu cha 190 cha Sura ya 287, kabla ya mabadiliko ya 2020, kililielewa hilo: notisi ilikuwa ya mwezi mmoja tu, na ilipelekwa kwa mamlaka iliyodaiwa.

Athari za mabadiliko haya zinaonekana wazi zaidi katika migogoro ya ardhi. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lina uwezo wa kusikiliza shauri la kurejesha ardhi yenye thamani hadi shilingi milioni 300. Majirani wawili wanaogombea shamba la thamani hiyo wanasikilizwa humo. Lakini shamba la shilingi milioni moja likiwa liligawiwa na halmashauri ya kijiji, na halmashauri hiyo ikawa miongoni mwa wadaiwa, kifungu cha 7 cha Sura ya 5 kinalipeleka shauri Mahakama Kuu, ambayo haiko katika kila wilaya. Na mdai hawezi kuikwepa halmashauri kirahisi, kwa kuwa mara nyingi aliyegawa ardhi huhesabiwa mdaawa wa lazima ili haki za pande zote ziamuliwe kwa pamoja. Basi mkulima amewekwa katikati: akiiacha halmashauri anaambiwa amekosa mdaawa wa lazima, akiiunganisha anaambiwa amekosea mlango, na akikosea kukuunganisha wewe anaambiwa hana shauri kabisa. Mashauri ya namna hii huondolewa mahakamani kwa pingamizi la awali kabla ya shahidi hata mmoja kuulizwa shamba ni la nani. Sheria inamruhusu mdai aanze upya, ndiyo, lakini kuanza upya ni notisi nyingine ya siku 90, nauli nyingine na ada nyingine, huku aliyepewa shamba akiendelea kulima na kujenga. Anayedai fidia ya madhara ana ukomo wa miaka 3 tu, na miezi iliyopotea kwenye hati yenye kasoro inamgharimu zaidi.

Kuna pia suala la dharura, na hapa ndipo naiona sheria ikijikwaa yenyewe. Siku 90 ni muda wa kutosha kwa nyumba kubomolewa, miti kukatwa na ardhi kuhamishwa kwa mtu wa tatu. Kifungu cha 11 cha Sura ya 5 kinazuia mahakama kutoa amri ya zuio dhidi ya Serikali. Mahakama Kuu, kwa kuona pengo hilo, imekuwa ikitoa amri ya muda ya kulinda hali iliyopo wakati notisi haijaisha, amri ambayo mawakili wameizoea kwa jina la Mareva, kutokana na kesi ya Uingereza ya 1975. Nawaheshimu majaji kwa ubunifu huo. Lakini utaratibu unaohitaji kuazima dawa ya kesi ya meli za biashara ili mwanakijiji asibomolewe nyumba kabla ya kusikilizwa ni utaratibu uliokosewa katika kutungwa, na anayepata dawa hiyo ni yule tu mwenye uwezo wa kumlipa wakili anayeijua. Mabaraza ya kata, ambayo yangeweza kuwa karibu zaidi, yalibakiziwa usuluhishi tu katika ardhi kwa Sheria Na. 5 ya 2021. Msaidizi wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 anaweza kumshauri mkulima, lakini hawezi kusimama kumtetea mbele ya jaji.

Najua utakachojibu, kwa kuwa sababu zilizotolewa mwaka 2020 hazikuwa za kipuuzi. Halmashauri zilikuwa zikishindwa kesi kwa uzembe. Nyingine hazikufika mahakamani, hukumu zikatolewa upande mmoja, na deni likaangukia fedha za umma. Kulikuwa pia na hofu nzito zaidi, nayo ni ya njama: kiongozi wa mamlaka ya mtaa anakubaliana na mdai, anakiri deni mahakamani, na wanagawana kinachopatikana. Hofu hii naichukulia kwa uzito wote. Mali ya kijiji, hasa ardhi ya pamoja, ni mali ya watu ambao hawamo ndani ya chumba cha mahakama, na mwenyekiti asiye mwaminifu anaweza kuipoteza kwa sahihi moja. Ila swali la mwanasheria lazima liwe hili: je, dawa iliyochaguliwa inalingana na ugonjwa?

Jibu limo katika sheria unayoisimamia mwenyewe. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali (Utekelezaji wa Majukumu), Na. 4 ya 2005, kinakupa haki ya kusikilizwa katika shauri lolote unaloona linagusa maslahi ya umma au mali ya umma. Huhitaji kulazimishwa kuwa mdaiwa ili uingie. Unahitaji kujulishwa. Sharti la kukuletea nakala ya hati ya madai linatosha kukupa macho katika kila shauri, na sharti kwamba hakuna makubaliano ya kumaliza shauri yatakayosajiliwa kabla ofisi yako haijapewa muda wa kuyapinga lingefunga mlango wa njama moja kwa moja. Kwa ardhi ya pamoja ya kijiji ningeongeza kwamba makubaliano hayo yapitishwe kwanza na mkutano mkuu, kwa kuwa hao ndio wenye mali. Ulinzi huo ungekuwa mkali kuliko wa sasa, kwa sababu uliopo unakuleta kwenye kila mgogoro wa mpaka wa shamba bila kukuuliza kama una la kusema.

Wapo watakaosema vijiji havina wanasheria, na ukiondoka wewe vitabaki bila mtetezi. Ni kweli havina. Lakini halmashauri ya wilaya ina mwanasheria wake, na hakuna kinachozuia sheria kumtaka aisaidie halmashauri ya kijiji iliyoshtakiwa, tena akiwa karibu na mashahidi na mihtasari ya vikao. Wapo pia watakaotaka sheria iwe moja kwa vyombo vyote vya umma, ili mawakili wasichanganyikiwe. Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000. Kukiweka kila kimoja katika mizani moja na wizara na mashirika ya umma ni kuvifananisha vitu visivyofanana, na usawa wa namna hiyo humwangukia mnyonge. Sizungumzii halmashauri za wilaya, miji, manispaa na majiji, zenye bajeti, wanasheria na mikataba mikubwa. Wala siombi mali za kijiji zikamatwe katika utekelezaji wa hukumu. Zahanati na shule zibaki salama kama zilivyo sasa.

Mheshimiwa, historia ya Sura ya 5 inapaswa kukutahadharisha. Sheria hiyo ya 1967 ilitaka raia apate kibali kabla ya kuishtaki Serikali. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ililibatilisha sharti hilo, ikaweka kipimo tunachokitumia hadi leo: sheria inayobana haki ya msingi lazima iwe na vizuizi dhidi ya matumizi mabaya, na isibane kupita kiasi kinachohitajika kufikia lengo halali. Notisi ya siku 90 iliingia baada ya hapo, mwaka 1994, kama njia nafuu kuliko kibali. Nchini Kenya, yenye sheria ya jina hilohilo, sharti la notisi ya siku 30 pekee lilitangazwa na Mahakama Kuu mwaka 2012 kuwa kinyume cha haki ya kuzifikia mahakama. Sidai kwamba majaji wetu wanafungwa na uamuzi wa Nairobi. Nadai kwamba ukizipima kwa pamoja siku 90, Mwanasheria Mkuu kama mdaiwa wa lazima, Mahakama Kuu pekee, na ubatili wa shauri zima kwa kosa la majina, halafu ukaziweka mbele ya mgogoro wa ekari mbili, ni vigumu kusema kwamba zimebana kwa kiasi kinachohitajika tu. Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Ni vibaya sheria ya Bunge ikiwafunga majaji kamba ambayo Katiba imewafungua.

Ninachokiomba kinaweza kuandikwa katika vifungu vitatu. Kwanza, tafsiri ya Serikali katika Sura ya 5, kwa ajili ya notisi, mahakama na kuunganishwa kwa Mwanasheria Mkuu, isihusishe halmashauri ya kijiji. Notisi kwa kijiji irudi kuwa siku 30, na mahakama iwe na uwezo wa kuifupisha panapokuwa na dharura. Pili, mashauri dhidi ya halmashauri ya kijiji yasikilizwe na baraza au mahakama yenye uwezo kwa thamani yake, nakala ya hati ya madai ikiletwa kwako ndani ya siku 14 tangu shauri kufunguliwa. Tatu, na hili lihusu mamlaka zote, si vijiji tu: maneno yanayobatilisha shauri kwa kutokukuunganisha yafutwe, na badala yake mahakama iamuru uunganishwe na shauri liendelee, kama kanuni za mwenendo wa madai zinavyofanya kwa mdaawa mwingine yeyote aliyesahauliwa. Hili la tatu halina gharama kwa Serikali, na linaweza kuingizwa katika muswada wowote wa marekebisho ya sheria mbalimbali utakaofuata, hata kama mawili ya kwanza yatahitaji mashauriano na TAMISEMI.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Wakili wa kujitegemea

Nakala: Waziri wa Katiba na Sheria, Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, Rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika.